Nani Avae Vazi la Askari wa Pilato?

Kwaresima inapoelekea ukingoni, vijana wa parokia nyingi za Tanzania hukaa kugawana nafasi za igizo la Njia ya Msalaba. Musoma na Bunda, mkoani Mara, hazibaki nyuma. Hutafutwa wa kuwa Yesu, wa kuwa Maria, Veronika, Simoni wa Kirene, na Pilato mwenye beseni la kunawia mikono. Kisha hutafutwa askari. Hao ndio wanaoingia barabarani na mashuka mekundu mabegani, chapeo za boksi zilizopakwa rangi ya fedha, mikuki ya mti na mijeledi ya kamba. Msafara hupita mbele ya maduka na vijiwe vya bodaboda, kituo hadi kituo, na kijana ambaye jana alikuwa akichomelea mageti leo anamfokea kwa sauti ya amri mtu aliyebeba msalaba.

Nafasi ya askari ina mzigo ambao nafasi nyingine hazina. Anayemwigiza Yesu hujiandaa kwa sala na kwa kitubio. Anayemwigiza askari ajiandae kwa nini? Akipiga kwa ulegevu, igizo linageuka mzaha. Akipiga kama anayemaanisha, mtoto aliyesimama kando ya barabara analia, na bibi aliyeshika rozari anamtazama kwa jicho baya. Jioni, akishavua shuka, amebaki na nini? Je, ni halali kwa mwamini kuutenda, hata kwa kuigiza, uovu ule ule anaouhuzunikia? Swali hili ni la kale kuliko parokia zote za Mara, na miongoni mwa waliolijibu mapema walikuwa Waafrika.

Tertuliano alikuwa mtu wa Karthago, mji uliokuwa katika nchi ya leo ya Tunisia. Mnamo mwaka 200 aliandika kitabu kizima cha kuwakataza Wakristo kwenda kwenye maonyesho. Alisema Mungu ndiye asili ya ukweli, na kwa hiyo hapendezwi na sura za kughushi, sauti za kughushi, hasira na machozi ya kughushi. Kwa msomaji wa leo, Tertuliano huonekana mkali kupita kiasi, mpaka ajue ni maonyesho gani yaliyokuwa mbele ya macho yake. Katika kitabu chake kingine anasimulia kwamba aliwahi kuona mtu akichomwa moto akiwa hai huku amevikwa nafasi ya shujaa Herakule. Kule Roma, uwanja wa Koloseo ulipozinduliwa mwaka 80, mshairi Martial aliandika habari za mhalifu aliyetundikwa msalabani akicheza nafasi ya jambazi Laureolo, na dubu akamrarua mbele ya watazamaji. Katika maigizo hayo ya Warumi, damu ilikuwa damu.

Miaka michache baada ya Tertuliano kuandika hayo, Machi 203, Wakristo Perpetua, Felisita na wenzao walifikishwa kwenye lango la uwanja wa Karthago wauawe na wanyama. Hapo langoni waliamriwa kuvaa mavazi. Wanaume wavae kama makuhani wa mungu Saturni, wanawake kama makuhani wa mungu wa kike Seresi. Perpetua alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba wamekuja kufa kwa hiari ili uhuru wao usiguswe, na kuvikwa vazi lile kungekuwa kuunyang'anya uhuru huo dakika ya mwisho. Ofisa wa jeshi akakubali, wakaingia walivyo. Mwanamke huyu aliyekuwa tayari kupoteza uhai hakuwa tayari kuvaa nguo ile. Alijua kwamba vazi linasema, na linasema kwa niaba ya aliyelivaa.

Historia hiyo haiko mbali na Mara kama inavyodhaniwa. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika huko Algiers mwaka 1868, baadaye akawa askofu mkuu wa Karthago hiyo hiyo. Wamisionari wa shirika lake ndio walioweka misheni ya Nyegina, nje kidogo ya Musoma, na pale Nyegina, tarehe 23 Desemba 1943, kijana wa Kizanaki kutoka Butiama, Kambarage Nyerere, alibatizwa na kupewa jina la Julius. Ni jina la ukoo wa Kirumi, ukoo wa Kaizari.

Karne mbili baada ya Perpetua, Mwafrika mwingine, Agostino aliyezaliwa Thagaste katika Algeria ya leo, alileta swali kali zaidi. Ujanani alipenda sana michezo ya kuigiza, na katika Maungamo yake anajiuliza kwa nini watu hulipa ili walizwe. Aliona kwamba mtazamaji humhurumia mtu ambaye hawezi kumsaidia, maana mateso yake si ya kweli. Hivyo anaonja utamu wa huruma bila kutoa jasho lake. Hapa Ijumaa Kuu inaguswa moja kwa moja. Umati unaolia kwenye kituo cha sita unaweza kurudi nyumbani ukiwa umeridhika na machozi yake. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alilegeza kamba. Alifundisha kwamba kazi ya waigizaji si dhambi kwa asili yake, kwa kuwa binadamu anahitaji kuburudika, mradi kiasi, mahali na wakati vizingatiwe. Jibu lake ni la busara, lakini linahusu burudani. Kijana wa Bunda mwenye mjeledi mkononi haburudishi mtu.

Ulaya wako watu wanaojivika Urumi kwa sababu tofauti kabisa. Nchini Uingereza, kikundi cha Ermine Street Guard kilianzishwa mwaka 1972, na tangu hapo wanachama wake hufua chuma, hushona ngozi na kupanga safu wakitii amri za Kilatini, wote kwa kujitolea. Mnamo mwaka 1964, huko Corbridge, karibu na ukuta wa mfalme Hadriano, lilifukuliwa sanduku lenye vipande vya deraya, na ni kwa kuunda upya deraya kama ile, kuivaa na kutembea nayo, ndipo wataalamu walipofahamu mikanda yake ilifungwa vipi na ilikatikia wapi. Mwaka 1985 mwanahistoria Mjerumani Marcus Junkelmann na wenzake walivuka milima ya Alpi kwa miguu, kutoka Verona hadi Augsburg, wakiwa na viatu, mizigo na silaha za askari wa Kirumi. Watu hawa wanastahili heshima. Wamejua kwa mabega na nyayo mambo ambayo vitabu vilikuwa vimeyakosea. Hata hivyo, mtu anaweza kuvaa deraya miaka ishirini, akajua kila rivoti yake, asijiulize hata mara moja mwenye deraya ile alikuwa akitumwa kumfanyia nani nini.

Ni nani basi aliyekuwa ndani ya vazi lile siku ile ya Yerusalemu? Picha nyingi za vituo vya njia ya msalaba zinamwonyesha mzungu mwenye pua ndefu na deraya ya mabamba yanayong'aa. Historia inasimulia vingine. Katika miaka ya Pilato, aliyetawala Yudea kuanzia mwaka 26 hadi 36, lejioni zilikaa Siria. Liwali wa Yudea alikuwa na vikosi vya askari wasaidizi, watu walioandikishwa humo humo mkoani, wengi kutoka Sebaste na Kaisaria, kama mwanahistoria Yosefo anavyotufahamisha. Walizungumza Kigiriki na Kiaramu. Wengi wao pengine hawakuwahi kuiona Roma. Walikuwa vijana wa nchi jirani waliopewa mshahara, silaha na kiburi cha kuitwa watu wa dola. Waliosokota taji la miiba na kumpigia magoti kwa dhihaka mfalme wa Wayahudi walikuwa watu wa eneo lile lile, na chuki yao dhidi ya Wayahudi ilikuwa ya ujirani.

Mtu wa Mara anaielewa habari hii bila kufundishwa. Wajerumani walipoitawala nchi hii hawakuishika kwa Wajerumani peke yao. Waliishika kwa askari Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi na wengine, na ngome yao ya Ikoma imebaki Serengeti kama ushahidi. Waingereza wakaja na jeshi lao la KAR (King's African Rifles), na Wakurya wakaandikishwa kwa wingi. Wako wazee ambao baba zao walipelekwa hadi Burma kwa amri ya mfalme ambaye hawakuwahi kumwona. Baadhi yao walirudi na medali. Baadhi walikuwa wameamriwa kuwapiga watu waliofanana nao. Kwa hiyo kijana wa Bunda anayejitanda shuka jekundu hahitaji kujipaka unga ili awe Mrumi. Yuko karibu na askari wa Pilato kuliko yule wa kwenye picha.

Hapo ndipo mwanafalsafa wa Kiingereza R. G. Collingwood anapofaa kukaribishwa. Collingwood, aliyefariki mwaka 1943, alikuwa mwanafalsafa wa Oxford na pia mfukuaji na msomaji wa maandishi ya Kirumi yaliyochongwa kwenye mawe ya Uingereza. Katika kitabu chake kilichotolewa baada ya kifo chake, mwaka 1946, alisema kwamba kuijua historia ni kuyatenda upya mawazo ya watu wa kale ndani ya akili ya anayeishi leo. Kumwelewa Kaizari akivuka mto Rubiko mwaka 49 K.K. ni kuiweka mbele yako hali iliyomkabili, kuona njia zilizokuwa wazi kwake, na kufikiri pamoja naye mpaka uamuzi. Chapeo si lazima. Kinachohitajika ni ujasiri wa kukubali kwamba wazo la mtu yule lingeweza kuwa lako.

Afrika Mashariki ina mtu aliyefanya hivyo kwa uzito wote, naye hakuvaa shuka jekundu. Mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika iliyokuwa na uhuru wa muda mfupi tu, Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Kaizari. Mtafsiri hawezi kumruka Bruto. Bruto ni mtu mwema anayejishawishi kumuua rafiki kwa sababu ya kile ambacho rafiki huyo huenda akawa, na mwenye kumtafsiri analazimika kuijenga hoja hiyo upya, neno kwa neno, mpaka ikubalike masikioni mwa Mtanganyika. Anayefanya kazi hiyo ni mkuu wa nchi. Yaani anayeandika mawazo ya Bruto ameketi kwenye kiti cha Kaizari. Muda mfupi baadaye, tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi, Nyerere akalazimika kujificha, na nchi ikarudishwa katika utulivu na makomando wa Kiingereza. Jeshi lile lilivunjwa, na Septemba mwaka huo huo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Tafsiri iliyorekebishwa, Juliasi Kaizari, ilitoka mwaka 1969. Haikuwa ya mtu anayechezea mambo ya mbali.

Kuna Roma ya pili ambayo Mwalimu Nyerere aliitia katika Kiswahili. Mwaka 1996, alipokuwa amekwisha kung'atuka, zilitoka tenzi zake za Enjili nne na Matendo ya Mitume. Humo wamo Pilato, akida wa msalabani, na Kornelio wa Kaisaria, askari wa Kirumi aliyebatizwa pamoja na nyumba yake. Mtu mmoja wa Butiama amewapa Waswahili Roma ya waliomuua Kaizari na Roma ya waliomsulubisha Yesu kwa jina la Kaizari. Ingekuwa ajabu kama vijana wanaoigiza Njia ya Msalaba katika mkoa wenye kaburi lake wasingevitumia vitabu hivyo katika mazoezi yao. Hazina iko mlangoni pao.

Kanisa lenyewe, kwa mwenendo wake, limekwisha kumjibu Tertuliano. Kabla ya komunyo, katika kila Misa, kuanzia kanisa kuu la Musoma hadi kigango cha mwisho cha Jimbo la Bunda lililoundwa mwaka 2010, waamini wote hutamka maneno yanayotokana na akida wa Kapernaumu, yule aliyekiri kwamba hastahili Bwana aingie nyumbani mwake. Maprofesa, wavuvi, watawa na watoto wa komunyo ya kwanza, wote kwa dakika hiyo wanasema kwa kinywa cha ofisa wa jeshi la watawala. Hakuna anayeona kwamba anaghushi. Wanayachukua maneno ya mtu wa upande ule kwa sababu yamekuwa maneno yao ya kweli.

Hatari nyingine ipo, nayo haimo katika vazi la askari. Imo katika mgawanyo wa lawama. Kijiji cha Oberammergau, kusini mwa Ujerumani, kiliweka nadhiri mwaka 1633 wakati wa tauni, na tangu 1634 kimekuwa kikiigiza mateso ya Yesu, sasa kila baada ya miaka kumi. Ile ya 2020 iliahirishwa hadi 2022 kwa sababu ya korona. Wanakijiji huacha nywele na ndevu ziote kwa ajili ya igizo, isipokuwa wanaocheza Warumi, ambao hunyoa. Kwa vizazi vingi igizo lile liliwapa Wayahudi ubaya wote, na mwaka 1934 Hitler alihudhuria, baadaye akalisifu kwa sababu hiyo hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitamka wazi kwamba mateso ya Kristo yasiwekwe juu ya Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo, na waigizaji wa Oberammergau wamelazimika kuandika upya sehemu kubwa ya maneno yao. Jambo hili linawahusu hata wanaoigiza mbali na Ulaya. Kila igizo la mateso linafundisha watoto ni nani wa kuchukiwa.

Washia wa Uajemi wana hekima yao katika hili. Katika taziya, igizo la kifo cha Husein pale Karbala mwaka 680, mara nyingi waigizaji hushika karatasi za maneno mkononi, ili mtazamaji asisahau kwamba huyu ni mbeba maneno tu. Anayecheza Shimri, muuaji, huenda akalia huku anacheza. Anatenda ubaya na kuuhukumu kwa wakati mmoja. Wakatoliki wa Mara wanaweza kujifunza hapo bila kupoteza chochote cha imani yao.

Katika igizo zima la Ijumaa Kuu, nafasi kubwa kuliko zote haina vazi, haina mazoezi marefu, na hakuna anayeiogopa. Ni nafasi ya umati. Watu wanaombwa wapaze sauti kudai mtu asulubiwe, na wanapaza kwa urahisi. Agostino anasimulia habari ya rafiki yake Alipio, aliyeburutwa na wenzake kwenda kuona wapiganaji wa uwanjani huko Roma. Alifumba macho akiapa kutotazama. Kelele za umati zikamfanya ayafumbue, na akanywa ukatili kwa macho mpaka akalewa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu katikati ya watu.

Magazeti ya Tanzania yana maneno yaliyozoeleka kwa umati wa namna hiyo: wananchi wenye hasira kali. Mtu anaitiwa mwizi stendi au sokoni, jiwe la kwanza linarushwa, tairi linaletwa, na kesho yake hakuna anayejulikana aliyefanya. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla ya kuthibitika, na inakataza mtu kuteswa. Umati haujaisoma. Anayepaza sauti Ijumaa Kuu na kucheka kidogo kwa aibu, kisha miezi miwili baadaye akapaza sauti ile ile nyuma ya mtu anayekimbia, ameigiza bila kufikiri mara zote mbili. Huo ndio uigizaji ambao Tertuliano angekuwa na haki ya kuukemea.

Vazi la askari wa Pilato, basi, livaliwe. Likiondolewa, mateso yanabaki kama ajali isiyo na mtendaji, na watazamaji wanarudi nyumbani bila kuulizwa lolote. Lakini lisivaliwe na kijana aliyechaguliwa kwa sababu ya kifua kipana na sauti nzito. Anayefaa ni yule aliye tayari kufikiri kama mtu aliyeandikishwa, anayeona kwamba amri haikutoka kwake na mkono ni wake. Huyo ndiye atakayeweza, kwenye kituo cha kumi na mbili, kusema maneno ya akida aliyemkiri aliyekufa, na watu wakamsadiki.

Makatekista na viongozi wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, wa Musoma, Bunda na Butiama wanaombwa watenge jioni moja ya mazoezi kwa kazi hiyo tu. Wasome Mathayo 27 na Marko 15 pamoja na utenzi wa Mwalimu. Wamketishe kila anayecheza askari na kumuuliza ni nani aliyemwandikisha, analipwa nini, alizaliwa kijiji gani, na ni hatua gani njiani ambapo bado angeweza kukataa. Kisha wawaulize maswali hayo hayo watakaosimama kama umati, maana hao ndio wengi.